Jinsi Nilivyomzika Asukulu Redioni

Ninyi mliobaki na kipindi mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukifanya kazi, kabla sijaanza kusahau. Nimekubali. Msitafute tu humu habari za vyeo: kikundi chetu kilikuwa na watu sita na vyeo saba, kwa hiyo hakuna aliyevijali. Nitaeleza yale yatakayowafaa Jumamosi asubuhi mkishafunga mlango wa chumba cha kurekodia, pamoja na kosa moja ambalo nisingependa mlirudie.

Nilianza mwaka 2015. Kabla ya hapo nilikuwa msusi hapa Bertrams, Johannesburg, na zamani zaidi, nikiwa Lubumbashi, niliigiza michezo ya shuleni na ya sokoni. Kikundi kilikuwa kinatafuta mwanamke wa kuwa mchungaji katika mchezo wa redio wa kuchekesha. Kisa chenyewe mnakijua. Kijiji cha Nyuma-ya-Mlima kinaletewa mchungaji mpya. Wazee wa kanisa wanakwenda kumpokea njiani, wanampita, kwa sababu wanatafuta mwanamume. Wanarudi kumwuliza yule mama aliyesimama na sanduku kama hajaona mchungaji akipita, na wakati wanangoja jibu wanampa mizigo yao awashikie. Mama huyo ndiye mimi, Mchungaji Espe, asiyejua kuimba katika kanisa linalompima mchungaji kwa kuimba.

Mimi ni Mkatoliki. Padri wangu alipopata habari aliuliza kama huyo mchungaji wa redioni ana gari. Nikamwambia ana baiskeli. Akasema basi haina neno.

Chumba chetu kilikuwa nyuma ya karakana ya mafundi cherehani. Ukutani tulitundika mablanketi ili sauti isirudi, na mlangoni kitambaa chekundu. Mafundi wakikiona waliacha kukanyaga mashine. Siku za mechi hatukurekodi kabisa, maana uwanja uko karibu na vuvuzela hazijui kitambaa chekundu. Mara moja tulijaribu kuwaambia wasikilizaji kuwa ile sauti ni nyuki. Kwa majuma mawili walituuliza ni nyuki gani hao wanaoshangilia bao.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mbwana, mtu wa Tanga, mtengeneza sauti. Kengele ya kanisa ilikuwa ringi ya gurudumu la basi dogo iliyoning'inizwa kwa waya. Mvua ilikuwa mchele kwenye ungo. Nyayo za wazee zilikuwa changarawe ndani ya sinia, na mbuzi wa shemasi alikuwa Mzee Mbwana mwenyewe, kwa mdomo wake. Alikuwa Mwislamu wa sala tano, nasi tulipanga kurekodi tukifuata saa zake. "Mimi nagonga kengele ya kanisa," alipenda kusema, "na huyu Mkatoliki ni mchungaji wa Kiprotestanti. Humu ndani hakuna aliye mahali pake, ndiyo maana tunaelewana."

Siku ya kwanza niliingia na sauti niliyoiandaa wiki nzima: nzito, ya polepole, ya kitakatifu. Nikasoma ukurasa mzima. Mzee Mbwana akainua mkono.

"Mwanangu, hao unaowahubiria wako hapa au wameshafika mbinguni?"

"Si ni mchungaji, Mzee?"

"Ni mchungaji wa kijiji. Kwanza anatazama nani hakuja. Halafu nani kaja na kofia mpya. Mungu ni wa tatu, na hapo anamkumbuka kwa hofu. Hebu rudia."

Nikarudia, na ndiyo sauti mliyoisikia miaka yote. Baadaye alinituma nikasimame kwenye milango ya makanisa. Kwa miezi miwili nilizunguka, kutoka vyumba vya ghorofani huko Marshalltown hadi kumbi za Newtown, na kila mara nilitoka kabla ibada haijaisha ili niwahi mlangoni. Nawashauri mfanye hivyo. Kwenye mimbari wachungaji wengi hufanana. Mtu hujulikana mlangoni anapopeana mikono: nani anamshika kwa mikono miwili, nani anampa vidole vitatu, nani anamwona kwa mbali na kuinama ghafla kufunga kamba za kiatu.

Kitu kingine: vaeni. Nilijitengenezea kola ya uchungaji kwa kukata chupa nyeupe ya javeli, maji ya kung'arishia nguo, nikaivaa kila tuliporekodi, ingawa redioni hakuna anayeona. Ilinikwaruza shingo. Mtu anayekwaruzwa shingo huongea kama mtu mwenye wajibu.

Tena, msione haya kwa namna mnavyosema. Wengine mmezaliwa hapa na Kiswahili chenu kinachechemea, kina Kizulu kushoto na Kiingereza kulia. Nyuma-ya-Mlima ni kijiji kikubwa. Tuliwahi kuwa na mzee wa kanisa aliyesema "eish" kila Biblia ilipofunguliwa, na watu walimpenda kuliko sisi sote.

Sasa niwajulishe kwa Asukulu, maana habari hii ni yake. Alikuwa mlinzi wa jengo la ofisi, mtu wa mji wa Baraka kule ziwani, mkubwa wa mwili na mpole. Katika mchezo alikuwa mzee wa kanisa anayepinga kila jambo kabla hajalisikia. Siku yake ya kwanza tulimpa jina la Yeremia. Nikasema, "Mzee Yeremia, wewe waonaje?" Kimya. Nikarudia. Kimya. Asukulu alikuwa amegeuka, anatazama mlangoni.

"Papa Asukulu, ni zamu yako."

"Namungoja Yeremia," akasema.

Kuanzia siku hiyo kila mtu aliigiza kwa jina lake mwenyewe. Ilituondolea usumbufu mwingi. Sikufikiri kwamba usumbufu huo ulikuwa unatulinda.

Watu walitupenda, na wengine walituchanganya na mchezo. Mama mmoja anayeuza mboga karibu na robot, taa za barabarani, alinishika mkono siku moja akaniomba nimwombee mwanawe. Nikamweleza kuwa mimi si mchungaji. "Najua," akasema, "wewe ni msusi, unamsuka dada yangu. Omba tu." Tukaomba, taa zikabadilika mara tatu. Mkiombwa hivyo, semeni ukweli kwanza, kisha fanyeni mnaloweza. Nilijiona nimeijua kanuni hiyo vizuri sana.

Mwaka 2018 Asukulu alibadilishiwa zamu. Jumamosi zote zikawa za kazini, Marshalltown, asubuhi hadi jioni. Alikuja kutuaga akiwa na sare, amekaa kwenye kiti kidogo kama mtu aliyefukuzwa shule. Nikamwambia tutasema Mzee Asukulu amesafiri.

"Apana, Mama Espe. Mutu akisafiri ku mchezo, watu wanamusahau. Mimi nataka kufa. Lakini kufa bien."

"Vizuri namna gani?"

"Na tangazo. Na familia yote. Usikie: nilicheza hii miaka yote, hata maua sitapata?"

Mzee Mbwana alicheka hadi akaweka chini ungo wa mvua. Nami nilicheka, kisha nikachukua kalamu, Asukulu akaniambia la kuandika. Mnajua matangazo ya msiba yanayozunguka kwenye simu zetu hapa: jina la familia, mji, wazazi, ndugu kwa mpangilio, mahali pa kilio. Asukulu alitaja vyote, vya kweli. Marehemu baba yake, Mzee Lusambya. Mama yake, Mama Feza. Dada zake, Neema na Riziki. Mji wa Baraka. Nilipaswa kusema, "Papa, weka Nyuma-ya-Mlima." Sikusema. Uso wake ulikuwa unang'aa.

Nikalisoma tangazo kwa pumzi moja, bila kosa. Kwa makusudi sikuweka mzaha hata mmoja katika dakika ya kwanza, ili kicheko kije baadaye, pale Mchungaji Espe anapojaribu kuongoza wimbo kaburini na mjane anamwomba aache, kwa heshima ya marehemu. Mzee Mbwana akagonga kengele taratibu. Tukatazamana. Ilikuwa kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya, na nilijua.

Ikachezwa Jumapili. Jumatatu asubuhi, mama mmoja wa kwao Asukulu anayeishi hapa akanipigia simu. "Mama Muchungaji, pole na kazi ya kuzika." Nikamshukuru, nikidhani anautania mchezo. Akaendelea: "Kule Baraka wako chini, ku kilio, tangu jana. Mama yake amenyoa nywele, hakuli."

Nikamwuliza wamesikia wapi. Kumbe kuna mtu alikata ile dakika moja ya tangazo, bila muziki wa mwanzo wala wimbo wa kaburini, akaituma kwenye simu. Labda ilimpendeza tu. Ikaenda kwa mwingine, ikavuka mipaka bila pasi, na kabla ya jua kutua Jumapili ikawa imefika kwa Mama Feza: sauti ya mchungaji, jina la mwanawe, jina la marehemu mumewe, jina lake mwenyewe.

Asukulu hakuwa na habari. Walinzi wa lile jengo huacha simu kwenye kabati hadi zamu iishe. Nilikwenda hadi Marshalltown kwa miguu, nikamkuta mlangoni, hai, anamwonyesha mtu lifti. Nilipomweleza, hakunilaumu. Alimwomba mwenzake amshikie zamu, tukarudi karakanani kwa haraka, kwa kuwa Mzee Mbwana alikuwa na simu yenye kifurushi cha kupiga mbali.

Dada yake Riziki ndiye aliyepokea. Asukulu akasema, "Da Riziki, ni mimi."

"Muache kutucheza na sauti ya mufu," Riziki akasema, akakata.

Tukapiga tena, nami nikamsihi asikate. Akatueleza, na hapo nikaelewa ukubwa wa tulichofanya. Tangu Jumapili walikuwa wamekaa kwenye kilio wakisikiliza sauti za zamani ambazo Asukulu alikuwa akimtumia mama yake kwa simu: salamu za Krismasi, habari za baridi ya Johannesburg. Sauti yake ilikuwa imejaa uani. Haikuthibitisha kitu. Tukajaribu simu ya video. Mtandao ukakwama, uso wa Asukulu ukaganda kwenye kioo, mdomo wazi, macho yameangalia juu. Tukasikia watu uani wakilia upya.

Mzee Mbwana akazima picha haraka. Asukulu alikaa chini sakafuni na sare yake, kofia mkononi. "Ataniua mama yangu," akasema. "Apana. Mimi njo nitamuua."

Riziki akarudi kwenye simu. "Mama anasema, ule mwenye alitangaza aje atangue. Mungine hapana."

Nikaishika simu. Mnanijua, mimi ni mtu wa kueleza. Nikaeleza polepole, kama ninavyowaeleza ninyi: kwamba ninaitwa Esperanse, kwamba mimi ni msusi na mwigizaji, kwamba ule ulikuwa mchezo, kwamba tulikosea na tunaomba radhi. Mama Feza alinisikiliza hadi mwisho.

"Weye haiko muchungaji?"

"Hapana, Mama. Mimi ni msusi."

"Musuki wa nini? Sina tena nywele. Nipatie muchungaji."

Nikaweka mkono juu ya simu. "Siwezi," nikamwambia Mzee Mbwana. "Mama yuko kwenye kilio. Nitajifanyaje mchungaji mbele yake?"

"Jana ulisema uongo kwa sauti hiyo, akaamini," akasema. "Leo una ukweli mkononi, unataka kumpa kwa sauti asiyoijua. Dhambi hapo iko wapi, mwanangu? Sema."

Nikasimama. Sikusoma popote, lakini lile tangazo lilikuwa bado liko kinywani mwangu, nikalipindua. "Tangazo," nikasema, kwa sauti ya Mchungaji Espe. "Familia ya marehemu Mzee Lusambya wa Baraka inatangaza kwa furaha kubwa uhai wa mwana wao mpendwa Asukulu, mwana wa Mama Feza, ndugu wa Neema na Riziki. Tangazo la Jumapili lilikuwa la uongo. Mimi niliyelitoa ndiye ninayelitangua. Asukulu yuko mbele yangu. Nimemshika mkono."

Nikasikia jogoo wa huko, na mtu anakohoa.

"Umushike sana," Mama Feza akasema. "Asukulu!"

"Ndiyo, Mama."

"Leo umekula nini?"

Asukulu alinitazama kama mtoto aliyeulizwa swali gumu. "Sijakula, Mama. Niko ku kazi tangu asubuhi."

Ile sauti iliyotoka upande wa pili siwezi kuiandika. Haikuwa kicheko, haikuwa kilio. Sauti za zamani zinaweza kusema lolote, lakini haziwezi kukosa kula leo. Kisha mama akapata nguvu, akaanza kugomba, na hapo tulijua kuwa ameamini.

"Munaona? Hata kufa hakujamufundisha kula! Na weye Muchungaji, mara mbili umetanguliza Neema. Mukubwa ni Riziki! Mutoto wangu akufe, halafu watu wasikie wadada wake vibaya?"

"Ni yeye aliyenitajia hivyo, Mama."

"Najua! Neema njo anamupendaka!"

"Njo vile," Riziki akasema karibu na simu, kwa sauti ya mtu aliyengoja jambo hilo miaka mingi.

Nikaomba radhi kwa Riziki rasmi. Nikamwomba Mama Feza sasa ale. Akakataa: atakula mwanawe akila, tena asikie. Fundi mmoja akatoka mbio hadi spaza, kiduka cha mtaani, akarudi na magwinya mawili, yale maandazi makubwa ya hapa. Asukulu akaanza kutafuna huku machozi yanamtiririka. Mzee Mbwana alimsogezea simu mdomoni, akaigeuza kidogo ili pumzi isiipige, kama alivyotufundisha kushika kipaza sauti. Nilifanya naye kazi miaka minne, na sikuwahi kumwona akishika kitu kwa uangalifu namna ile.

"Iko anatafuna?" mama akauliza.

"Anatafuna, Mama."

"Basi mulete bukari," akawaambia watu wake, maana ndiyo ugali wa kwao. Kisha akaniambia, "Maliza kazi, Muchungaji. Watu wako chini. Mimi siwezi kuwainusha."

Sikuwa na haki ya kuvunja kilio cha mtu. Lakini hakukuwa na mwingine. Nikasema, "Inukeni. Nendeni nyumbani. Asukulu ni mzima." Nikasikia mikeka ikikunjwa.

Kwa hiyo kanuni yangu kwenu ni hii, ibandikeni ukutani juu ya blanketi: kila dakika mnayorekodi iwe na kitu ambacho hakiwezi kutokea nje ya Nyuma-ya-Mlima. Mbuzi, baiskeli, chochote. Msitumie jina la mzazi wa mtu. Na mkijivunia kazi kupita kiasi, muulizeni aliye kando yenu itasikikaje ikikatwa vipande. Mtakosea jambo jingine ambalo mimi sikulijua. Mkikosea, nendeni wenyewe mkalitangue, na msitume salamu.

Mwaka uliofuata, 2019, nilistaafu. Magoti yalikataa ngazi, na sauti ya Mchungaji Espe ilikuwa imepata mtu mzuri zaidi kati yenu, nanyi mnajua ni nani. Nimewaachia ringi, sinia, ungo na daftari zote. Kuna kazi moja tu sikuwaachia, kwa sababu Mama Feza hakukubali.

Baada ya siku ile alisema hataamini tena tangazo la mtu mwingine, zuri wala baya. Kwa hiyo kila Jumapili mchana nampigia. Asukulu hunipa habari zake za wiki, nami nazisoma nikiwa nimesimama, nikimtaja Riziki kwanza: Asukulu mwana wa Mama Feza yu mzima, amebadilishiwa viatu vya kazini, Alhamisi alikula kuku. Mama huitikia, huuliza kuku wa nani, huniombea, tunaagana.

Jumapili iliyopita nilimaliza kusoma, lakini hakuaga.

"Na weye, Muchungaji? Nani anakutangazaka weye?"

"Hakuna, Mama. Wa kwetu walikwisha."

"Mama yako alikuwa nani?"

Nikamtajia: Albertine, wa Kalemie. Nikasikia kiti kikisogezwa, kisha sauti yake ikawa mbali na simu, kubwa, ikiwanyamazisha watu wa uani.

"Tangazo! Musikie wote! Esperanse, binti ya Albertine wa Kalemie, iko muzima. Iko Johannesburg. Leo amesema na mimi." Halafu akarudi karibu. "Umekula nini?"